Paka mzururaji: jinsi ya kumzoesha kurudi kila jioni

Wengi hulalamika kwamba paka hawapendi kwa kuwa anashinda nje. Hapana. Paka ana himaya yake, na kila siku huizungukia akiinusa na kuacha harufu yake kwa kusugua mashavu. Kinachotakiwa ni nyumba yako iwe kitovu cha mizunguko hiyo.

Hatua ya 1: Mhasi. Nitaisema hii hata kama mmeichoka. Dume asiyehasiwa akinusa jike lililo kwenye joto hupotea siku kadhaa, kisha hurudi masikio yamechanika na majipu ya kuumwa. Mapigano hayo ndiyo huambukiza ukimwi wa paka, ambao haumpati binadamu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akiwa na miezi 4 hadi 6. Jike naye afungwe kizazi, maana anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu!

Hatua ya 2: Mlishe magharibi. Paka huchangamka zaidi alfajiri na jioni, kwa hiyo usimwachie bakuli limejaa kutwa. Giza likikaribia cheza naye kwa kamba kidogo, gonga bakuli, mwite kwa sauti ileile, mpe chakula, funga mlango. Akishazoea utamkuta mlangoni anakusubiri.

Hatua ya 3: Chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, na mkanda wa shingoni unaofunguka wenyewe ukinasa.

MASWALI

Tumehama, naye anarudi nyumba ya zamani. Nifanyeje?
Mfungie ndani wiki 2 hadi 3, harufu ya hapo iwe yake. Siku ya kwanza kumtoa, mtoe akiwa na njaa. Waombe wa kule wasimpe chochote.

Wangu haonekani tangu juzi. Nianzie wapi?
Pole sana. Anzia karibu. Paka aliyeogopa au kuumia hujibanza kimya, hata ukimwita haitiki. Omba majirani wafungue stoo na gereji. Nenda tena usiku kukiwa kimya, mulika tochi chini chini, macho yatang'aa. Wangu nilimpata hivyo siku ya 3, nyuma ya mbao za jirani.

Jirani anamlisha. Nimzuie?
Zungumzeni kwanza. Huenda naye anaamini paka ni wake. Pangeni nani ampe nini, na nani ampe dawa ya minyoo, asije akainywa mara mbili.