Jinsi ya kusoma dalili za viuatilifu kwenye tope la mdomo wa mto

Mvua ya kwanza kubwa baada ya mashamba kupuliziwa dawa ndiyo huteremsha sumu mtoni. Dawa za kuua wadudu za jamii ya pairethroidi haziyeyuki kirahisi majini. Hung'ang'ania chembe za udongo, na chembe hizo hutua pale mto unapokutana na bahari na mkondo kupungua kasi. Kwa hiyo achana na maji, fuata tope na wanyama wadogo waishio ndani yake.

1. Chagua vituo viwili: kimoja chini ya mtaro wa shamba, kingine mbali nao lakini chenye tope na chumvi inayofanana. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Wakati naanza nililinganisha tope laini na mchanga, nikatangaza sumu pasipo na sumu. Kopepodi (wanyama wadogo sana wa jamii ya kamba na kaa) wengi hupenda nafasi zilizo kati ya punje za mchanga, hivyo kwenye tope laini hupungua hata bila dawa. Sugua tope vidoleni kabla hujaamua.

2. Maji yakipwa, kata ncha ya bomba la sindano la mililita 20, ulididimize sentimita 2 tu. Chini zaidi utakuta tope jeusi linalonuka yai viza: halina oksijeni, na wakazi wake ni wachache. Chukua sampuli tano kila kituo, kabla ya mvua na baada yake. Nyingine weka kwenye chupa ya kioo, uigandishe kwa ajili ya maabara ya kemia.

3. Hifadhi sampuli tano kwa formalini ya asilimia 4 (vaa glavu, fanyia nje), tia rangi ya Rose Bengal, zilale usiku mmoja. Wanyama watageuka waridi.

4. Koroga kwa maji, subiri mchanga utue, mimina maji ya juu kwenye chekeche la milimita 0.5 lililokaa juu ya lile la mikromita 63. Rudia mara kadhaa. Unachotaka kimebaki chekeche la chini.

5. Hesabu kwa hadubini. Nematodi, yaani mnyoo mdogo wa mviringo, ni uzi laini uliojikunja. Kopepodi ana pingili na miguu, mkia una nywele ndefu. Wahesabu peke yao majike waliobeba mayai, kwa sababu uzazi huyumba kabla vifo havijaonekana.

6. Usidanganywe na jumla. Kopepodi ni ndugu wa mbali wa wadudu, na dawa inayovuruga neva za mdudu humvuruga naye. Nematodi huvumilia zaidi, hata huweza kuongezeka. Tangu 1981 kuna pendekezo la kugawa idadi ya nematodi kwa ya kopepodi ili kupima uchafuzi. Mimi siliamini likiwa peke yake: maji taka nayo huwafukuza kopepodi kwa kumaliza oksijeni. Pima kina cha tope jeusi katika vituo vyote viwili. Kikiwa sawa, punje zikifanana, na bado kopepodi wametoweka chini ya mtaro, ile chupa ya kioo ipeleke maabara.