SOMO: Bustani ya gunia ya kuachwa wikendi nzima bila mwangalizi

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: "Tunataka bustani ndogo hapa Dar, ila mimi na mwenzangu tunapenda kutoka wikendi. Nani atamwagilia?" Hakuna haja ya kumwachia jirani ufunguo. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Gunia la sandarusi la kilo 100. Lisimamishe palepale litakapokaa, penye jua la asubuhi. Likishajaa halisogezeki.

2. Ndoo mbili za udongo wa juu kwa ndoo moja ya samadi iliyoiva, yaani isiyo na joto wala harufu kali. Mchanga wa ufukweni una chumvi, achana nao.

3. Nguzo ya kokoto. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Chukua kopo la lita 4, kata kitako na mfuniko libaki bomba. Lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka. Udongo ukikaribia mdomo wa kopo, livute juu taratibu, kokoto zibaki, ujaze tena. Ni kazi ya watu wawili: mmoja ashike kopo, mwingine ashindilie udongo kwa mkono. Ukilichomoa kopo zima kabla udongo haujafika kimo, kokoto zinasambaa na nguzo imekatika. Ikikatika, maji yanaishia juu, miche ya chini inakauka, nawe unaongeza maji mpaka ya juu inaoza. Usiweke changarawe laini wala mchanga badala ya kokoto, maana vinaziba. Na kabla ya kupanda, mwaga maji kwenye nguzo: yasipochuruzika chini, mwaga udongo wote uanze upya. Hakuna njia ya kuitengeneza gunia likiwa limejaa.

4. Mwagilia siku tatu udongo ushuke, ndipo utoboe. Matundu ya upana wa vidole viwili, yaachane sentimita 20, safu zipishane.

5. Miche ya sukuma wiki yenye majani manne au matano, ipandwe pembeni, jioni. Juu sia mchicha.

6. Safari. Wiki mbili za kwanza msiende popote. Baada ya hapo, Ijumaa vuna majani yote makubwa (majani machache, kiu kidogo), jaza nguzo mpaka maji yatoke chini, tandaza nyasi kavu juu. Chomeka chupa mbili za lita moja na nusu zilizojaa, kichwa chini, kifuniko kikiwa na tundu moja la pini. Kitako usikitoboe. Hewa ikiingia, maji yanaisha usiku huohuo.

Kwa kwenda, mimi nasema Lushoto: Chalinze, Segera, Mombo, halafu mnapanda mlima. Beba sweta, Juni na Julai ni baridi hasa. Jumamosi tembeeni kwa miguu hadi Irente mkaangalie bonde, shambani pale wanauza jibini na mkate. Ratiba iishie hapo, mmekwenda kupumzika.

MASWALI

— Mkuu, naweza kutumia samadi mbichi nikaongeza maji mengi?
Hapana. Soma namba 2. Inaunguza mizizi, maji hayaipoozi.

— Mbona nimefuata kila kitu na miche ya chini imekufa?
Ulijaribu nguzo kwa maji kabla ya kupanda?

— Sikujaribu, niliona inapoteza muda.
Basi hukufuata kila kitu.

— Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Nipande nini?
Swali zuri. Spinachi inavumilia chumvi kuliko mboga nyingi, anza nayo. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, chumvi imejikusanya. Mvua ikinyesha, usilifunike gunia. Kama haipo, mwaga maji ya bomba yasiyo na chumvi kwa wingi mpaka yatoke chini. Na usimwagilie majani, mwagilia udongo, chumvi ikikaukia kwenye jani inaliunguza kingo.

— Vidukari je? Tumerudi Jumapili tukakuta wamejaa chini ya majani.
Yang'oe yaliyojikunja uyatupe mbali, mengine puliza maji ya sabuni ya mche, kijiko kimoja cha sabuni iliyokwanguliwa kwa lita moja, jioni. Lenga upande wa chini wa jani, suuza asubuhi. Rudia baada ya siku nne. Ukiona wadudu wa madoadoa wekundu waache, wanakula vidukari.

— Mke wangu anataka tubebe miche ya kabichi kutoka Lushoto. Itashika?
Itashika, kufunga ndio shida. Kabichi ya kule imezoea ubaridi, kwa joto la Dar inatoa majani tu. Shemeji abebe karoti na kabichi za kula. Miche nunueni huku huku. Udongo wa msitu wa Magamba nao msichote, ni hifadhi.

— Gunia linadumu muda gani?
Jua ndilo linaloliua. Likianza kumeguka ukilikwaruza kwa kucha, lizungushie gunia la pili kwa nje na utoboe palepale penye matundu, kabla halijapasuka.