Kufungua mirathi na kudai mafao ya marehemu Dar: majina kwanza, mahakama baadaye

Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, hakina maajabu: kibali cha mazishi, fomu kwenye mfumo wa eRITA, namba ya malipo, kisha subira. Ila kabla hamjatuma maombi, tulieni hapo kwenye sehemu ya jina.

Baba yetu alikuwa Mohamed kwenye kitambulisho cha NIDA, Mohamedi kazini, na Muhammad kwenye karatasi za kiwanja. Msikitini alikuwa mtu mmoja. Kwenye dirisha la mfuko wa pensheni alikuwa watu watatu, na wawili kati yao walikuwa bado hawajafa.

Kwa hiyo wekeni mezani kitambulisho, kadi ya uanachama wa mfuko, barua ya ajira, kadi ya benki, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Someni herufi kwa herufi, hasa jina la baba kwenye vyeti vya watoto. Penye tofauti, ndugu wa karibu aape mbele ya kamishna wa viapo (mawakili wengi wanayo mamlaka hayo) kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kiapo kitaje kila tahajia. Chetu kilichapwa kibandani kwa haraka, kikamruka Muhammad, tukalipia kingine. Mpiga chapa alitupa pole, pesa hakurudisha.

Kikao cha ukoo mnajua kinavyokwenda. Muhtasari uwe na tarehe, waliohudhuria, saini zao na jina la msimamizi wa mirathi aliyependekezwa. Mjane na watoto wakubwa wasirukwe. Shangazi aliyenuna akakataa kusaini ndiye mtakayemkuta mahakamani na pingamizi.

Mirathi ya Kiislamu au ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu. Kama aliishi Kikristo, ulizeni kabla ya kulipa chochote, maana mirathi ya Sura ya 352 (sheria ya usimamizi wa mirathi) haisikilizwi Mahakama ya Mwanzo. Kwa Dar kipo Kituo Jumuishi cha mirathi na familia pale Temeke, kilichoanza 2021, chenye ngazi zote kuanzia Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Ukikosea mlango, angalau hupandi daladala nyingine. Mwanzo mnajaza Fomu Namba 1, tangazo linabandikwa, pingamizi zinasubiriwa, kisha hakimu anateua msimamizi kwa Fomu Namba 4. Hiyo namba 4 ombeni nakala nyingi zenye mhuri siku hiyohiyo, karani akiwa bado na uso wa tabasamu. Benki, mfuko na ardhi kila mmoja anataka yake.

Sasa ndiyo mwende kwenye mfuko. Kama kadi ni ya PSPF, LAPF, PPF au GEPF, anzeni PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kwani mifuko hiyo minne iliunganishwa humo 2018. Bebeni na kile kiapo cha majina hata kama hakimo kwenye orodha ya dirishani. Kitaulizwa mkishafika mbele ya foleni.

Msimamizi asidhani kazi imeisha pesa zikiingia. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu za mgawo kwa Fomu Namba 6. Akichelewa, aombe kuongezewa muda mapema, kabla shangazi hajamwandikia hakimu barua.