Jinsi ya Kukaa na Wakulima wa Mpunga Kijijini Java

Mgeni anayekusudia kulala katika kijiji cha Java, nchini Indonesia, aanze kwa kujitambulisha kwa kiongozi wa mtaa, aitwaye ketua RT, kwa kuwa desturi inamtaka mgeni atolewe taarifa ndani ya saa 24. Jambo hili lisidharauliwe, maana mwenyeji ndiye atakayeulizwa.

Vua viatu mlangoni, toa na upokee kitu kwa mkono wa kulia, na upitapo mbele ya wazee walioketi, inama kidogo. Bafuni utakuta birika la maji na kata. Chota ujimwagie ukiwa kando, wala usiingie ndani yake, kwani maji hayo ni ya nyumba nzima.

Ukialikwa shambani, nenda alfajiri. Miche iliyokaa kitaluni takriban wiki tatu hung'olewa, hufungwa mafungu, kisha hupandikizwa katika jaruba lenye tope laini na maji machache. Shika miche miwili au mitatu, ichomeke kwa vidole kina cha sentimeta chache, ukirudi nyuma hatua kwa hatua ili usikanyage uliyokwisha kuipanda, na uache nafasi ya sentimeta 20 hadi 25. Mgongo utauma, na hapo ndipo utakapouheshimu wali uliokula jana. Pita kwenye matuta kwa uangalifu, kwani tuta likibomoka maji ya jaruba zima huvuja.

Siku ya kerja bakti, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, fika mapema na jembe, wala usitoe fedha badala ya jasho.