Mshubiri: churuzisha utomvu wa manjano kwanza

Wakulima wa Ismani, Pawaga, Chunya na Usangu, mshubiri (aloe vera) mnaujua. Mnajua unavumilia jua, mnajua haupendi maji kutuama, na machipukizi mnagawana na majirani. Hayo nayaacha. Naandika kwa sababu ya kosa moja linalorudiwa kila msimu: jani linakatwa, linasuuzwa juujuu, linasagwa na ganda lake kwenye blenda, kisha linanywewa au kuuzwa kwenye chupa kama dawa ya tumbo. Kesho yake mnywaji anaharisha na mteja harudi tena.

Liangalieni jani likishakatwa tu. Katikati kuna ute usio na rangi, unaoteleza. Pembeni, chini kidogo ya ganda la kijani, yanachomoza matone ya manjano yanayogeuka kahawia yakipigwa na hewa. Yananuka kwa ukali na yanaacha doa kwenye kidole. Huo ndio utomvu, na ndani yake mna aloini, inayoharisha vibaya. Ute wenyewe, karibu asilimia 99 ni maji. Uchungu ambao akina mama wengine huutumia kumwachisha mtoto ziwa unatoka kwenye utomvu, kwa hiyo jambo hilo nalo liacheni, mtoto mdogo hastahimili kuharisha. Mwaka 2002 Marekani iliagiza dawa za kulainisha choo zenye shubiri ziondolewe kwenye zile zinazouzwa bila cheti cha daktari. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo limeuweka mchujo wa jani zima kwenye kundi 2B, yaani vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Sasa fuateni vipimo, msikadirie. Mmea uwe na umri wa miezi 18 au zaidi. Kata majani ya chini tu, matatu au manne kwa mche, asubuhi umande ukishakauka, na ukate pale jani linaposhikana na shina. Anayekata jani katikati anauozesha mche wake mwenyewe. Yasimamishe majani ndani ya ndoo, upande uliokatwa ukiangalia chini, kwa dakika 15 kamili. Dakika tano hazitoshi! Matone yakiwa bado yanadondoka, ongeza muda. Ndipo uoshe jani zima kwa maji safi, ukate sentimita 3 za kitako na 5 za ncha, uondoe miiba ya pembeni, kisha umenye ganda pande zote mbili. Usimenye kwa ubahili: ute ulioshikana na ganda bado una manjano, bora uupoteze. Suuza minofu ya ute mara tatu, kila mara kwa maji mapya, halafu ipanguse kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na manjano, rudia kusuuza. Ute uliomenywa utumike siku hiyohiyo, maana hewa inauharibu haraka.

Ute mzuri ni angavu na hauna uchungu.

Wafugaji nao wanakatakata jani na ganda lake kwenye maji ya kuku wakitumaini kuzuia mdondo (kideri, au Newcastle). Hauzuiliki hivyo. Kinga ya mdondo ni chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, na kuku wanaokufa wakati mtu anasubiri shubiri ifanye kazi ni hasara ya kujitakia.

Shubiri za porini msizichume kabisa. Ziko aina nyingi, baadhi zina sumu, na biashara yake kuvuka mipaka inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Limeni ile ya bustanini, yenye maua ya manjano.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo na anayetumia dawa za kisukari au za kupunguza maji mwilini wasinywe shubiri bila kumuuliza mganga wa zahanati. Ute unafaa zaidi kupakwa kwenye ngozi. Aliyeungua kidogo kwa chai au mafuta, eneo hilo lipozwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 kwanza, kisha apakwe ute uliosafishwa kama nilivyoeleza. Malengelenge yakiwa makubwa, au ameungua usoni, au ni mtoto mchanga, msipake kitu chochote. Mpelekeni zahanati.