Kutazama Mwezi Unaochomoza Ukiwa Umepatwa: Mwongozo kwa Walioko Arusha na Moshi

Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa kikamilifu. Kwa Arusha na Moshi utachomoza takribani saa 12:40 jioni ukiwa tayari umemegwa, kwa kuwa kivuli kizito cha dunia kitaanza kuugusa saa 12:07. Katika kupatwa kwa namna hii kazi kubwa ni kuchagua mahali pa kusimama. Darubini huja baadaye.

Hatua ya kwanza: kagua upande wa mashariki. Mwezi utachomoza mashariki ukiegemea kaskazini, karibu nyuzi 66 kwenye dira. Hapo ndipo jua huchomoza mwishoni mwa Juni, kwa hiyo unaweza kupakagua mapema, ingawa mawingu ya asubuhi za Juni huku kwetu hayatoi ruhusa kirahisi.

Ukiwa Arusha mjini, upande huo unaelekea Kilimanjaro, na mlima huo unaweza kukuchelewesha dakika kumi hivi. Usielekee Kisongo, kwa sababu kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo miteremko ya Meru inavyosogea kwenye njia ya mwezi. Afadhali uwanja wa wazi upande wa Njiro. Moshi ina nafuu, kwa kuwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini na haizibi chochote, lakini miinuko ya Marangu itakula dakika chache. Anayetaka kuuona tangu mwanzo ateremke kusini, kwenye tambarare za kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC.

Hatua ya pili: fika kabla jua halijazama. Anga litakuwa bado na mwanga, na mwezi uliofifia hupotea kwa urahisi kwa asiyejua pa kutazama. Bahati nzuri ni kwamba kivuli kitaingilia upande wa chini, hivyo ukingo wa juu utakaotangulia kuchomoza utakuwa bado unang'aa. Usidanganywe na wekundu wa mwanzo, kwani mwezi wowote ulio chini huonekana mwekundu kutokana na hewa nzito na vumbi; angalia umbo lake.

Hatua ya tatu: fuata saa. Mwezi utafunikwa wote saa 1:16 usiku, utafika katikati ya kupatwa saa 1:52, na utaanza kuachiwa saa 2:28. Katika kipindi hicho linganisha pande zake: wa kushoto, yaani wa kaskazini, utakuwa na mwanga zaidi, kwa kuwa uko karibu na ukingo wa kivuli.

Hatua ya nne: vifaa. Macho matupu yanatosha na hayadhuriki, tofauti na wakati wa kupatwa kwa jua. Darubini ya macho mawili huongeza rangi. Simu iegemeze kwenye kitu imara, na upunguze mwanga wa picha kabla mwezi haujafunikwa wote.

Kivuli kizito kitauacha saa 3:36 usiku, mapema ya kutosha kwa wanaowahi mkesha wa mwaka mpya.