Kubadilisha kompresa ya AC ya gari nyumbani, kwa tulio Tabora

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia shemeji yangu kubadilisha kompresa ya Toyota IST yake, uani kwake Ipuli. Nilipofika, kompresa alishaifunga mwenyewe na vizuri tu. Kilichomkwamisha ni geji ya vakyumu (kunyonya hewa yote iliyomo kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi) kugoma kufika ile inchi 29 aliyoiona kwenye video, akashinda anakaza bolti ambazo zilishakazika. Ndiyo maana sehemu ya vakyumu nitaieleza kwa kirefu. Nyingine nitazipita mbio, maana aliyewahi kubadilisha alteneta ataziweza bila kuelekezwa.

Nazungumzia magari madogo ya Kijapani yenye kompresa inayozungushwa na mkanda na yanayotumia gesi ya R134a: IST, Vitz, Raum, Probox, Premio na ndugu zao. Kama una Prius ya kuanzia 2003, au Aqua, ishia hapa. Kompresa yake ni ya umeme, na nyaya zile za rangi ya chungwa zina volti 144 kwa Aqua na zaidi ya 200 kwa Prius. Mafuta yake nayo ni mengine, ND-11. Ukiyachanganya na PAG ya kawaida (mafuta ya kompresa za mkanda), umeme unaanza kuvuja hadi kwenye bodi la kompresa. Hiyo si kazi ya uani.

Hatua ya 1: Hakikisha kompresa ndiyo mbovu

Nimeona kompresa nzima zikitupwa kwa sababu ya fyuzi. Washa gari, washa AC, sikiliza klachi ya kompresa (ile inayoiunganisha na mkanda) ikigonga "tak". Isipogonga, usikimbilie duka la spea. Angalia fyuzi, jaribu rilei nyingine inayofanana, kisha pima gesi. Gesi ikipungua sana, swichi ya presha hukata umeme wa klachi makusudi, maana mafuta ya kompresa husafiri na gesi. Gesi ikiisha, kompresa inazunguka kavu. Koili ya klachi ipime kwa multimita: omu 3 hadi 5 ni nzima. Ikiwa imekatika, koili huuzwa peke yake.

Halafu zima gari na uizungushe sahani ya mbele ya klachi kwa mkono. Inatakiwa izunguke kwa uzito kidogo, bila kukwaruza. Ikigoma kabisa au ikisaga kama kuna mchanga ndani, hapo sawa, kompresa imekufa.

Hatua ya 2: Kutoa gesi

Usifungue bomba na kuiachia hewani. Inaunguza ngozi kwa baridi, na ikikutana na moto wa sigara au jiko inageuka sumu. Mbali na hilo, kilo moja ya R134a hupasha dunia joto sawa na kilo 1430 za hewa ya ukaa katika miaka 100. Ndiyo sababu iliingizwa kwenye orodha ya gesi za kupunguzwa kule Kigali, Oktoba 2016. Tafuta fundi wa AC mwenye mashine ya kunyonya, anyonye, umlipe, urudi nyumbani. Hata kama umekusudia kufanya kila kitu mwenyewe, hii mpe yeye.

Hatua ya 3: Kufungua kompresa ya zamani

Ondoa waya hasi wa betri. Legeza mkanda kwa bolti za alteneta. Inua gari, weka stendi. Jeki peke yake usiiamini, hasa kwenye udongo wetu wa kichanga. Chomoa soketi ya umeme ya kompresa, fungua bolti za mabomba mawili (namba 10), kisha bolti za kompresa yenyewe, ambazo kwa kawaida ni namba 12. Itoe kwa chini. Midomo ya mabomba izibe papo hapo kwa nailoni na utepe, usiseme utaziba baadaye. Kiangazi chetu kina vumbi, masika yana unyevu, na vyote viwili ni adui wa mfumo huu.

Kabla hujaiweka kando, chungulia mdomo wa bomba la presha kubwa. Mafuta yakiwa meusi yenye chenga zinazometa, kompresa imejisaga na chenga zimeshasambaa. Hapo kompresa mpya peke yake itakufa kwa ugonjwa uleule. Utalazimika kubadilisha kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele), draya (kichujio kinachonyonya unyevu) na valvu ya upanuzi (kitundu chembamba gesi inapopitia ili ipoe), na kusafisha mabomba yaliyobaki. Kuna watakaokwambia kondensa inasafishika kwa petroli na upepo. Kondensa za sasa zina vinjia vyembamba vingi vinavyokwenda sambamba. Dawa hupita pale palipo wazi na kuacha palipoziba. Usipoteze petroli yako.

Hatua ya 4: Mafuta

Mimina mafuta ya kompresa ya zamani kwenye kikombe chenye vipimo, au tumia bomba la sindano kubwa la duka la dawa, ambalo kwangu ni bora kuliko kikombe chochote. Andika ni mililita ngapi. Mimina na yaliyomo kwenye ile mpya, kisha uirudishie kiasi kilekile kilichotoka kwenye ya zamani. Ukibadilisha draya au kondensa, ongeza kiasi ambacho kitabu cha gari kinataja kwa kila kifaa. Mafuta mengi mno huchukua nafasi ya baridi, machache yanaua kompresa.

Soma stika iliyo kwenye bodi la kompresa. Nyingi za Denso za magari haya zimeandikwa ND-OIL 8, na PAG 46 ndiyo inayolingana nayo. Chupa ya PAG ikishafunguliwa hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo nunua chupa ndogo na ile iliyobaki nusu tangu mwaka jana iache. Oili ya injini usiiguse kabisa, hata ya kulainishia tu.

Kuhusu mpya au mtumba: ukiagiza Dar, Gerezani, ikapandishwa basi, mtumba halisi wa Japani wenye vifuniko vyake mdomoni naupenda kuliko "mpya" isiyo na jina. Ikija mdomo wazi, irudishe.

Hatua ya 5: Kufunga

Ni kinyume cha kufungua. Oringi za mabomba ziwe mpya, za AC (nyingi ni za kijani), umezipaka PAG kwa kidole. Bolti za mabomba ni ndogo na zinaingia kwenye alumini. Kipimo cha Toyota ni kama Nm 10 tu, yaani spana fupi na mkono bila hasira. Ukishafunga, zungusha sahani ya klachi kwa mkono mizunguko kumi hivi, mafuta yaliyojikusanya ndani yasambae kabla mkanda haujaivuta kwa nguvu.

Hatua ya 6: Vakyumu

Hapa ndipo video nyingi zinatupotosha watu wa bara. Wanaozirekodi wengi wako karibu na usawa wa bahari. Anaunganisha pampu, mshale wa geji ya bluu (ya presha ndogo; nyekundu ni ya presha kubwa, na mpira wa njano wa katikati ndio wa pampu au kopo) unashuka mpaka 29 na kitu, anasema ukiishia chini ya hapo una uvujaji. Wewe uko Tabora unafanya vilevile, mshale unafika 26 na kuganda.

Huna uvujaji. Geji haioni vakyumu yenyewe. Inaona tofauti kati ya kilicho ndani ya mabomba na hewa iliyoizunguka. Pale Dar, hewa inasukuma kwa takriban inchi 29.9 za zebaki, kwa hiyo ukitoa kila kitu ndani, geji itasoma karibu 29.9. Tabora iko kama mita 1200 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu inchi moja, kwa hiyo hewa yetu ina inchi 26 tu. Huwezi kutoa zaidi ya kilichopo. Ndugu zetu wa Kigoma, mkiwa kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwisho wenu ni 27 na kidogo. Mtu wa Mbeya mjini hata 25 haioni.

Shemeji hakunikubalia mpaka tulipopima. Na wewe pima, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni simu. Baadhi ya simu zina kihisi cha baromita. Pakua programu inayosoma kihisi chenyewe, chukua namba ya hPa (kipimo cha presha ya hewa), gawanya kwa 33.9. Ukipata 880, ni inchi 26. Lakini programu za hali ya hewa usizitumie. Zile hurekebisha namba iwe kana kwamba uko baharini, zitakwambia 1012 hata ukiwa Tabora, na utarudi kulekule kwenye 29 kutafuta uvujaji usiokuwepo.

Ya pili ni pampu yenyewe. Kabla hujaunganisha gari, unganisha pampu na geji tu, ziba midomo ya mipira ya bluu na nyekundu, fungua valvu ya bluu, washa. Mshale utakapoganda, hapo ndipo mwisho wako kwa siku hiyo. Linganisha na simu. Simu ikisema 26 na pampu ikaishia 23, pampu imechoka au mafuta yake yana maji. Badilisha mafuta ya pampu kwanza. Na hakikisha geji ikiwa wazi hewani mshale uko kwenye sifuri. Nyingi zimepotoka, ndani ya kioo kuna skrubu ndogo ya kurekebisha.

Kwa nini nang'ang'ania inchi mbili tatu? Kwa sababu ya maji. Unyevu uliobaki ndani hautoki kwa kuvutwa tu, unatakiwa uchemke, na kwenye nyuzi joto 28 maji huchemka pale tu hewa iliyobaki ndani inapokuwa kama inchi 1.1. Kwa Tabora, hiyo ni geji inayopita 24.9. Ukiishia 24 maji bado yapo, yatakutana na gesi na mafuta, yatatengeneza asidi, au yataganda kwenye valvu ya upanuzi na AC itakuwa inapoa na kukata, inapoa na kukata. Lianike gari juani, ule mchana wa Oktoba kabla mvua hazijaanza. Joto linakusaidia, maana kwenye nyuzi 40 maji huchemka hata zikibaki inchi mbili. Hii ni kazi moja ambayo kivuli cha mwembe hakina faida.

Kompresa ya friji iliyogeuzwa pampu siipendi. Najua imeenea, najua inavuta. Lakini nyingi huishia palepale kwenye mpaka wa maji kuchemka, na huwezi kujua uko upande gani wa mpaka. Kodi pampu halisi kwa fundi wa friji.

Vuta kwa dakika 45 walau. Funga valvu za geji, kisha zima pampu (kwa mpangilio huohuo, usije ukarudisha hewa ndani), subiri nusu saa. Mshale ukikaa palepale, endelea. Ukirudi nyuma kidogo halafu ukatulia, huo ni unyevu unaochemka, vuta tena. Ukirudi na kuendelea kurudi, huo sasa ndio uvujaji. Kabla ya kulilaumu gari, angalia raba za mipira ya geji yako, ndizo zinazovuja mara nyingi kuliko kompresa. Ukihakikisha ni gari, jaza naitrojeni mpaka bar 10 na upake povu la sabuni kwenye viungo. Naitrojeni, si oksijeni ya mchomeleaji: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inalipuka. Upepo wa kujazia matairi nao una maji.

Dawa ya kopo ya "kuziba uvujaji" ni ya kukuharibia mashine ya fundi anayekuja baada yako. Usiniulize.

Hatua ya 7: Kujaza gesi

Kiasi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti, kwa gramu. Fuata gramu, usifuate geji. Weka kopo juu ya mizani ya kidijitali ya jikoni na uandike uzito kabla na baada.

Kopo lipime kabla ya kulimwaga. Liache kivulini saa kadhaa, pima joto la hapo, unganisha geji. R134a halisi husoma takriban bar 5.7 kwenye nyuzi 25, na 6.7 kwenye nyuzi 30. Kwa mwinuko wetu ongeza kama 0.1. Ikipishana sana, ndani kuna kitu kingine, na baadhi ya hizo gesi bandia zinawaka kama gesi ya jikoni.

Toa hewa kwenye mpira wa njano kwanza. Anza kujaza gari likiwa limezimwa. Kopo likiacha kushuka uzito, washa gari na AC, endelea kwa upande wa bluu tu, kopo likiwa limesimama wima. Ukilipindua, gesi inaingia ikiwa kimiminika, na kompresa haiwezi kubana kimiminika. Itavunjika siku hiyohiyo. Valvu nyekundu usiifungue injini ikiwaka, presha kubwa itarudi kwenye kopo ulilolishika mkononi.

Gramu zikitimia, pandisha injini hadi mizunguko 1500 kwa dakika, feni ya ndani mwisho, milango wazi. Kwa hewa ya nyuzi 30 hadi 35, Toyota wanataka upande mdogo uwe bar 1.5 hadi 2.5 na mkubwa 14 hadi 16. Mkubwa ukipaa kupita hapo, angalia feni ya rejeta na uoshe kondensa kwa maji yasiyo na presha kali, ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Aliyetoka Urambo au Sikonge kipindi cha nyasi ataona kinachotoka humo.

Mkanda mpya hunyooka kidogo, kwa hiyo ukaze tena baada ya wiki moja. Na Juni na Julai, asubuhi zikiwa na baridi, washa AC dakika kumi kila wiki hata kama huihitaji, ili mafuta yafike kwenye sili ya shafti.